Sindano ya Kutajwa

Kwa walimwengu wote walio hai, na kwa wale ambao bado wako njiani kuja: mimi, Nyemo Malogo, Mkuu wa Elimu ya Dira katika ukanda wote wa kati, Mfasiri wa Sindano na Mshauri wa Kudumu wa Wasafiri wa Magurudumu Mawili, naweka hapa historia kamili ya sasisho la saba la Kiongozi, mashine inayoonyesha njia kwenye pikipiki, kama nilivyoishuhudia kwa macho yangu haya mawili.

Vyeo hivyo nilipewa na madereva kumi na mmoja wa bodaboda wa kijiwe cha Stesheni, Bahi, kwa sababu mbili. Kwanza, nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni, na kwetu mtu aliyelala kwenye dabo deka kwa miaka mitatu huaminiwa kuwa anajua kila kitu. Pili, ilikuwa likizo, na pale kijiweni mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina kazi.

Sasisho liliingia Jumapili, pikipiki zikiwa kwenye chaji. Jumatatu asubuhi Hosea alimpakia mwalimu mstaafu aliyekuwa anakwenda zahanati, akamfikisha machinjioni. Hosea alikuwa na miezi miwili tu tangu atoke Manyoni, kwa hiyo Bahi alikuwa bado anaiendesha kwa kutazama kioo cha Kiongozi.

"Mstari kwenye kioo ulikwenda kulia," alijitetea, "na mimi nikaenda kulia. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Mshukuru Mungu mwalimu si mbuzi," alisema Shangazi Sechelela, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiwe. Kisha akanigeukia. "Nyemo. Hiyo shule tunayokupeleka, dira wanafundisha?"

"Wanafundisha, Shangazi. Kidato cha pili, jiografia."

Hiyo ilikuwa kweli tupu. Sikuona haja ya kuongeza kwamba siku ya somo la dira nilikuwa nimepigishwa magoti nje ya ofisi, kwa sababu kuna mtu aligonga kengele ya chakula saa tatu asubuhi na wasichana mia nne wakapanga foleni na sahani zao.

Nikapewa pikipiki ya Shangazi nisome maelezo ya sasisho kwenye kioo chake. Yalikuwa kurasa arobaini na sita. Nilisoma ukurasa wa kwanza wote, kwa uaminifu. Ukurasa wa pili ulianza na maneno "Ufafanuzi wa Istilahi," na mimi ni binadamu kama wengine. Nikafunga.

Ukurasa wa kwanza ulitosha kwa tatizo la Hosea. Nilichora duara kubwa vumbini, nikaandika pande nne za dunia, nikaweka mikono nyuma kama mwalimu wa zamu.

"Zamani," nilianza, "juu ya kioo palikuwa ni kule unakoelekea wewe. Ukigeuka, pande zote nne zinageuka kukufuata. Sasa kaskazini imepigiliwa juu kama msumari, haitoki. Dunia imetulia. Kinachozunguka ni hiki kipikipiki cha manjano hapa katikati, na hicho ndicho wewe."

"Kwa hiyo wametushusha cheo," alisema Hosea.

"Wamewarudisha mahali penu. Ulikuwa unaelekea kusini, sivyo? Ukielekea kusini, kipikipiki kinatazama chini, kwenye tumbo lako. Mkono wako wa kulia unakuwa upande wa kushoto wa kioo. Wewe ulifuata kulia kwa kioo, ukaacha kulia kwako."

Kila dereva aliingia ndani ya duara, akatazama kusini, akanyoosha mkono wa kulia. Mzee Chidawali alirudia mara tatu bila kuona haya. Yeye alikuwa mkubwa kuliko wote, miaka sitini na minne, mtu mpole ambaye aliifuta pikipiki yake kwa kitambaa kila aliposhusha abiria.

Usifikiri hili la dira lilikuwa jambo dogo. Tangu Jua lilipochafuka, mwaka ambao Shangazi alikuwa darasa la pili, setilaiti zilinyamaza na hazijasema tena. Sumaku ya dunia nayo imekuwa mzururaji: ukinunua dira ya kawaida, leo itakuonyesha kaskazini, kesho itakuonyesha choo cha jirani. Kiongozi haitegemei mbingu wala sumaku. Inahesabu mizunguko ya gurudumu na kila kona unayokata, basi. Na kwa kuwa hesabu ndefu hukosewa, serikali ilisimika nguzo nyeupe kandokando ya barabara. Pikipiki ikipita karibu, nguzo inainong'oneza: uko hapa. Pikipiki inafuta makosa yake na kuanza kuhesabu upya. Laiti binadamu angepewa nguzo kama hizo, shule za bweni zingefungwa.

Kama ningeishia kwenye duara langu, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Mzee Chidawali aliinamia kioo chake, akaweka kidole.

"Na hii nyingine, mjukuu wangu? Hii ya kijivu?"

Kulikuwa na sindano ya pili. Haikuwepo kabla ya sasisho. Ilikuwa imelala chini ya ile kubwa ya kaskazini, rangi ya majivu, na nilipozunguka kukagua nikaona kila pikipiki inaonyesha upande wake. Ya Shangazi ilikuwa nene, imeelekea mashariki. Ya Hosea ilielekea sokoni. Ya Mzee Chidawali ilikuwa nyembamba kama unywele na ilielekea kusini-magharibi.

Sikujua ni nini. Watu kumi na mmoja walikuwa wananitazama. Wakati huohuo Hosea, aliyekuwa anagida chai yake, akapaliwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka, na mama lishe akamwambia bila hata kugeuka kutoka jikoni kwake, kama anavyoambiwa kila mtu anayepaliwa, "Unatajwa huko."

Na ulimi wangu, ambao tangu zamani una akili zake, ukasema: "Ndiyo hiyo. Hiyo ni sindano ya kutajwa."

Madereva wakasogea karibu.

"Jina la mtu likitajwa," niliendelea, kwa sauti ya taarifa ya habari, "huacha mtikisiko mdogo hewani. Mtikisiko ukikufikia unaingia kooni, ndiyo maana mtu anapaliwa. Wazee walilijua hili siku nyingi. Wataalamu wamechelewa tu, sasa wamelitengenezea kifaa. Sindano inaonyesha upande aliko anayekutaja."

Nikasubiri kicheko. Shuleni kwetu mzaha hupokelewa kwa kicheko au kwa fimbo. Sikuwa nimewahi kuona mzaha ukipokelewa kwa shukrani.

"Wasomi wamefika mbali," alisema Mzee Chidawali taratibu, na akafuta kioo kwa kitambaa chake.

*

Wiki mbili zilizofuata niliitwa Profesa. Nilikaa kwenye benchi la kijiwe, nikaletewa karanga, na watu wakaja kuuliza. Sindano zilibadilika mara kwa mara, na mimi nilikuwa na jibu kwa kila badiliko: anayekutaja amechoka, mwingine amepokea. Sindano ikinenepa, anakutaja kwa hasira. Ikikonda, anakutaja kwa siri.

Ningependa kuandika kwamba madhara yalianza mara moja, kwa sababu hadithi za wadanganyifu ndivyo zinavyotakiwa kwenda. Haikuwa hivyo. Hosea alipigia simu watu wanane huko Manyoni kuuliza nani anamsema, na wawili walikiri. Dereva mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba na kaka yake aliona sindano imeelekea kwa kaka yake siku tatu mfululizo, akaenda kumuuliza ana shida gani, wakaishia kula pamoja. Na Shangazi mwenyewe, asubuhi moja alipotoka kushusha abiria njia ya Kigwe, alisimama akitazama kioo muda mrefu. Dada yake mkubwa anaishi njia hiyo. Hawakuwa wamesalimiana miaka miwili. Mchana Shangazi alifunga kuku kwenye tenga, akaenda.

Alirudi jioni, macho yamevimba, anacheka. "Alikataa kwanza kwamba alikuwa ananitaja," alisema. "Halafu akasema, 'Wewe umejuaje?'"

Nililala vizuri usiku ule. Nilijiambia: nani ana dada asiyemtaja? Labda nimesema uongo ambao ni kweli. Shuleni tuna mwalimu wa dini ambaye angeweza kunisaidia na sentensi hiyo, lakini alikuwa likizo na yeye.

Aliyekuwa tofauti ni Mzee Chidawali. Sindano za wengine ziliyumba kutwa nzima. Ya kwake haikusogea. Akiwa kijiweni, akiwa sokoni, akienda mashariki au kaskazini, ilibaki kusini-magharibi, nyembamba vilevile.

"Mtu mmoja tu," aliniambia siku moja, "na hapumziki."

Sikumuuliza ni nani. Shangazi ndiye aliyeniambia tukiwa tunachambua mlenda. Mzee Chidawali ana binti, Edina. Miaka tisa iliyopita walikuja wageni kuleta posa. Edina akasema mbele yao kwamba hamtaki yule mtu. Mzee, kwa aibu, akasema mbele ya wageni walewale kwamba kuanzia siku hiyo hana binti. Edina alichukua mfuko mmoja, akapanda lori la chumvi lililokuwa linavuka Mbuga Nyeupe kwenda ng'ambo. Hakuna aliyemsikia tena.

Mbuga Nyeupe ndiyo iliyokuwa bwawa wakati wa babu zetu. Sasa ni chumvi, kilometa na kilometa, bila kilima, bila mti, bila nguzo hata moja katikati. Iko kusini-magharibi.

*

Jumanne ya wiki ya tatu Mzee alikuja nyumbani kwetu kuazima madumu ya maji. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda.

"Profesa, nataka kukuuliza jambo la kitaalamu. Mtu anaweza kutajwa kutoka umbali gani?"

"Inategemea, Mzee."

"Kilometa mia na ishirini?"

"Kwa nini, Mzee?"

Akanieleza. Mwezi wa tatu alikuwa amefuata msafara wa malori hadi ng'ambo ya mbuga. Aliuliza jina la Edina kwenye kambi ya kwanza ya chumvi, na kwenye ya pili. Kwenye ya tatu aliona haya. Ataambiwa nini, baba anayemtafuta mtoto aliyemkana? Akarudi nyuma ya malori yaleyale. "Nadhani nilifika karibu," alisema. "Nadhani alinisikia nikiuliza, na tangu hapo ananitaja. Sindano ni nyembamba kwa sababu sauti yake iko mbali. Jumamosi nakwenda. Peke yangu safari hii. Malori yanafuata chumvi, hayafuati mtu. Mimi nitafuata sindano."

Alipoondoka na madumu yake niliketi muda. Kisha nikaenda kwenye pikipiki ya Shangazi, nikafungua maelezo ya sasisho, nikaanza na Ufafanuzi wa Istilahi. Nilifika nilikotakiwa kufika kwenye ukurasa wa thelathini na tatu. Nanukuu, kwa kuwa nilikuja kuukariri:

"Sindano ya pili, rangi ya kijivu. Huonyesha upande iliko nguzo ya mwisho iliyothibitisha mahali chombo kilipo. Unene wake ni kipimo cha uhakika: hunenepa chombo kinapopita nguzo, hukonda kadiri kinavyosafiri bila kuthibitishwa. Sindano iliyokonda, isiyobadilika upande hata baada ya kupita nguzo tatu, inaashiria kuwa kipokezi kimekatika. Chombo cha namna hiyo kinabahatisha. Kisitumike nje ya barabara zinazojulikana."

Niliusoma mara nne. Kila sindano kijiweni ilikuwa inaonyesha mahali pikipiki yake ilipokuwa na uhakika mara ya mwisho, basi. Dada yake Shangazi hakuonyeshwa na chochote. Ni kwamba kuna nguzo njia ya Kigwe. Na pikipiki ya Mzee ilikuwa haijasikia nguzo yoyote tangu mwezi wa tatu. Waya ulichomoka huko ng'ambo, kwenye matuta ya chumvi, na tangu siku hiyo ilikuwa inajihesabia yenyewe, kosa juu ya kosa, kila gurudumu lilipoteleza mchangani. Mjini halikumdhuru, kwa sababu anaijua Bahi kama kiganja chake. Kwenye mbuga, kioo kingemwambia kwa utulivu kabisa kwamba anaelekea kambini, huku akizunguka kwenye weupe mpaka maji yaishe. Sindano aliyoipenda ilikuwa inaonyesha nguzo aliyofikia kabla ya kuona haya na kugeuka.

Sasa, msomaji, hapa mtu mwenye heshima zake angesimama, akavaa viatu, akaenda kumwambia. Mimi pia nilivaa viatu.

*

Nilimkuta Jumatano asubuhi nje ya kwake, anafunga mkeka nyuma ya siti. Nilikuwa nimeandaa sentensi. Ilianza na "Mzee, kuhusu ile sindano."

"Afadhali umekuja," alisema kabla sijafungua mdomo. "Kaa hapo. Wewe ni msichana, na umesoma. Nataka unisikilize kama Edina, uniambie kama maneno yanafaa."

"Mzee, mimi—"

"Kaa."

Nilikaa. Akavua kofia. Akasimama kama mtoto anayekariri shairi siku ya wazazi.

"Edina," alisema, akitazama miguu yangu. "Siku ile nilikuwa na wageni, nikaona heshima yangu ni kubwa kuliko wewe. Wageni wale wawili wamekwisha kufa. Heshima sijui imekwenda wapi. Wewe ndiye uliyebaki. Sikuja kukurudisha. Nimekuja kusema mbele yako kwamba nina binti." Akaizungusha kofia mkononi. "Baada ya hapo sijui niseme nini. Niendelee?"

"Hapo inatosha, Mzee."

"Siyo mafupi?"

"Ni mazuri."

Akatabasamu, akavaa kofia, akaanza kunitengenezea chai. "Unajua, miaka tisa nilidhani amenifuta. Ukimkana mtu, na yeye ana haki ya kukukana. Halafu anakuja mtoto wa shule likizo, anachora duara chini, ananiambia kuna mtu ananitaja. Kila siku nikiamka naitazama kwanza sindano, ndipo nanawa uso."

Sentensi yangu ilibaki mdomoni kama kokwa. Nikimwambia, atabaki salama, na kila asubuhi ataamka atazame chuma tu. Nisipomwambia, atakwenda mbugani Jumamosi na furaha yake yote. Kule shuleni tunafanya mdahalo wa mada kama hizi, upande wa kuunga mkono na upande wa kupinga, na mwishoni tunapigiana makofi. Hakuna aliyewahi kutueleza inakuwaje mada inapokutengenezea chai.

Nilikunywa chai. Nikaondoka. Njiani nikapata wazo, na kwa bahati mbaya lilikuwa wazo la kijanja.

Waya. Kama ningeurudisha waya mahali pake kimyakimya, pikipiki ya Mzee ingesikia nguzo kama pikipiki nyingine. Ingejua iko wapi, na hata akiingia mbugani isingempoteza hivi hivi. Hakuna anayeumia, hakuna anayeambiwa. Nililikagua wazo lile pande zote nne, likaonekana halina tundu.

*

Alhamisi sikupata nafasi. Ijumaa, saa saba mchana, madereva walikuwa kwa mama lishe wanakula ugali na mlenda, Mzee kati yao, anacheka na Hosea. Pikipiki yake ilikuwa peke yake upande wa ukuta.

Nilipiga magoti nyuma ya madigadi na bisibisi ya Shangazi. Kipokezi ni kiboksi cheusi, ukubwa wa kiberiti. Plagi yake ilikuwa inaning'inia nje, imeganda chumvi nyeupe. Niliikwangua kwa ukucha, nikapuliza, nikakwangua tena, nikaisukuma ndani mpaka ikalia tik. Nikafunga skrubu zote mbili. Nilipozunguka mbele, sindano ya kijivu ilikuwa inatetemeka. Ikaacha kusini-magharibi, ikazunguka nusu duara, ikanenepa, ikatulia ikiitazama nguzo iliyo mbele ya ghala la nafaka, hatua mia mbili kutoka pale; kumbe kipokezi kikirudishiwa waya huitafuta chenyewe nguzo ya karibu.

Niliona fahari. Nasema hili kwa sababu nimeamua kusema yote. Nilirudi kwenye benchi nikaketi kama mtu aliyefunga bao.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa Mzee.

Alikuja anachokonoa meno, kitambaa mkononi. Akafuta siti. Akafuta taa. Akafuta kioo, na mkono ukasimama.

Alikitazama muda mrefu. Kisha akaondoa stendi, akaisukuma pikipiki polepole, duara zima, pale pale. Sindano haikuliachia ghala.

"Hosea," alisema, "sogeza ya kwako kidogo, isije ikawa inaingilia."

Hosea akasogeza. Mzee akasukuma duara la pili. Akaegesha. Akavua kofia, akaiweka kwenye siti, na akakaa chini, kwenye vumbi, akaliacha benchi.

"Mzee, nini?" Shangazi alimfuata.

"Amenyamaza."

"Nani?"

"Edina. Siku kumi na tisa hajaacha hata dakika moja. Asubuhi nimeamka alikuwa ananitaja. Nimekwenda kula, nimerudi, hayupo." Aliongea kwa sauti yake ya kila siku, ile anayomwelekezea abiria. "Mtu anayekutaja kwa kuchoka anaacha kidogo kidogo. Huyu ameacha ghafla. Sechelela, wewe ni mtu mzima, unajua maana yake."

Hosea alishusha kichwa. Dereva mmoja akaenda kuzima redio. Wengine wakavua kofia ngumu zao mmoja baada ya mwingine, na mama lishe akafunika sufuria, akajifunga khanga yake vizuri, akaja kuketi chini karibu na Mzee. Mtu akaleta mkeka.

"Msiba wa mtu usiyejua amefia wapi," Mzee aliuliza, "unakaliwa wapi?"

"Unakaliwa hapa," alisema Shangazi. "Tutaukalia hapa hapa, Mzee. Sisi tupo."

Hosea ndiye aliyeanza kulia, Hosea ambaye hakuwahi kumwona Edina.

Nilisimama. Sijui nilitaka kwenda wapi, nadhani nyumbani. Shangazi aliinua macho kutoka kwenye mkeka aliokuwa anautandika, akanitazama usoni, kisha akashuka mpaka mikononi.

"Nyemo," alisema. "Mbona una chumvi mikononi?"

Nilitazama. Ilikuwa mpaka kwenye vifundo, nyeupe, imechanganyika na grisi. Nikaificha mikono nyuma. Hapo bisibisi ikadondoka kutoka mfuko wa sketi.

Ulimi wangu wenye akili zake uliniletea majibu matatu papo hapo, na yote yalikuwa mazuri. Nilikuwa nimepika. Nilikuwa nawasaidia watu wa chumvi kupakua. Nilikuwa nimeiona pikipiki ya Mzee inavuja. Watu wote kumi na mmoja walikuwa wananigeukia, na Mzee naye, kutoka kule chini vumbini, bado na adabu yake, akisubiri Profesa aseme kitu.

"Hajafa," nilisema.

"Umejuaje?" aliuliza Mzee, na uso wake ukafunguka kiasi kwamba ilinibidi nitazame pembeni.

"Sijui kama hajafa. Nasema sindano haijui. Haimjui mtu yeyote, Mzee. Haionyeshi anayekutaja. Inaonyesha nguzo. Nguzo ya mwisho pikipiki iliyoisikia. Ya kwako waya wake ulichomoka mwezi wa tatu kule ng'ambo, ikabaki inaonyesha kule. Nimeurudisha sasa hivi mlipokuwa mnakula. Ndiyo maana imegeuka."

"Na kutajwa?"

"Nilitunga. Hosea alipaliwa, mama akasema anatajwa, nikatunga hapo hapo."

Shangazi aliketi kwenye mkeka kama mtu aliyekatwa miguu. Nilijua anafikiria dada yake na kuku. Hosea alifuta pua, akanitazama.

Mzee aliinua macho kuitazama pikipiki yake. "Kwa hiyo hanitaji."

"Labda anakutaja. Labda hakutaji. Hakuna kifaa cha kujua."

"Na ningekwenda kesho?"

"Ungepotea, Mzee. Kioo kingekudanganya mpaka mwisho. Imeandikwa ukurasa wa thelathini na tatu."

"Ukurasa huo umeusoma lini?"

Ningeweza kusema leo. Alikuwa ameniachia mlango wazi, na nadhani aliuacha kwa makusudi, kwa wema.

"Jumanne," nilisema.

Akahesabu kimya. Niliona anapofika Jumatano.

"Jumatano ulikaa kwangu. Nilikusemea maneno yangu yote."

"Ndiyo, Mzee."

"Ulikuwa tayari unajua."

"Nilikuwa nimekuja kukwambia. Ukanitengenezea chai. Nikajiambia nanyamaza kwa ajili yako, ili uendelee kuamka na furaha. Si kweli. Nilijua unaweza kufa kule, na bado nilinyamaza siku tatu, kwa sababu niliogopa kwamba nikisema, utanitazama kama unavyonitazama sasa."